Sindano Naiogopa, Damu Nataka Kutoa

Wasomaji wanauliza, Bi Muuguzi anajibu

SWALI: Shikamoo Bi Muuguzi. Mimi ni mwalimu, mwanamke wa miaka 31, mama wa mtoto mmoja wa miaka minne. Tatizo langu naona hata aibu kuliandika. Naogopa sindano, na si kuogopa kwa mchezo. Nikiona tu ile trei yenye pamba na spiriti, viganja vinalowa jasho, masikio yanaanza kuvuma, macho yanaingia kiza. Nilipojifungua nilivumilia kwa kuwa sikuwa na pa kukimbilia. Nikiwa mdogo nilishikiliwa na watu wazima watatu ili nichomwe, mmoja miguu, mmoja mikono, mmoja kichwa. Mikono ile naihisi mpaka leo.

Mwaka jana mdogo wangu alijifungua kwa shida akapoteza damu nyingi. Aliongezewa damu, akapona, na damu yenyewe ilitoka kwa watu tusiowajua. Sisi ndugu tukaombwa tuchangie. Wenzangu wakaenda. Mimi nilifika mpaka mlangoni, nikasikia harufu ya spiriti, nikageuza. Niliwaambia nina presha. Sina presha. Sasa nataka kwenda mwenyewe, bila kusukumwa na mtu, kabla halijatokea jingine. Lakini kila ninayemweleza ananijibu, “Usiogope, ni kama kung'atwa na mbu.” Nifanyeje?
Mwalimu Mwoga

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Ngoja tumalizane kwanza na huyo mbu, maana ananiudhi kuliko anavyokuudhi wewe.

Sindano ya kuchangia damu haifanani na mbu hata kidogo. Nimeishika mkononi miaka mingi, naijua. Ni namba 16, upana wake unakaribia milimita 1.6, wakati zile za chanjo ni kama nusu milimita tu. Imefanywa nene makusudi: chembe nyekundu za damu zipite bila kupasuka, na mfuko ujae upesi kabla damu haijaanza kuganda njiani. Kwa hiyo inauma. Inauma kwa sekunde moja au mbili inapopita kwenye ngozi, kisha unabaki na hali ya kubanwa au kuwashwa kidogo pale kwenye kiwiko, na watu wengi hata hiyo huisahau wakipata wa kuzungumza naye. Damu yenyewe hutoka kwa muda usiofika dakika 10. Hayo ndiyo yote. Mwoga akiambiwa ukweli huwa anapima mwenyewe kama ataweza. Akidanganywa kuhusu mbu halafu akakutana na namba 16, hatatuamini tena katika lolote tutakalomwambia baadaye, na ana haki.

Tuje kwako. Katika barua yako naona hofu mbili zimesokotwa pamoja, na kila moja ina dawa yake. Ukizitibu kwa dawa moja hutafika.

Hofu ya kwanza ni ya mwili. Masikio kuvuma, macho kuingia kiza, jasho la viganja: hizo ni dalili za mtu anayekaribia kuzimia. Mtu akiogopa nyoka au mbwa mkali, moyo humwenda mbio, presha hupanda, na hubaki juu mpaka hatari ipite. Ndiyo maana si rahisi mtu azimie kwa kumwona mbwa. Hofu ya damu na sindano kwa baadhi ya watu ina tabia yake ya peke yake. Presha hupanda kidogo mwanzoni, kisha inaporomoka ghafla. Moyo unapunguza mwendo, mishipa ya damu inatanuka, damu inakimbilia miguuni, na ubongo unapungukiwa. Tabia hii hutembea katika ukoo. Ukiuliza nyumbani sitashangaa ukiambiwa baba au shangazi naye huanguka akiona damu. Mtu wa namna hii anaweza kuwa jasiri kwa kila kitu kingine duniani. Mwili wake umeumbwa hivyo tu.

Sasa sikiliza vizuri hapa, kwa sababu ushauri utakaopewa na karibu kila mtu ni wa kinyume. Utaambiwa “legea, vuta pumzi, tulia.” Kwa mwenye moyo unaodunda kwa wasiwasi, hilo linafaa. Kwa anayezimia, kulegeza mwili ni kuisaidia presha ishuke. Wewe unatakiwa ukaze.

Mbinu hii ilifanyiwa kazi na mwanasaikolojia wa Uswidi, Lars-Göran Öst, na wenzake miaka ya 1980, na mpaka leo ndiyo inayotumika kwa watu wa aina yako. Kaa kwenye kiti. Kaza misuli ya mikono, tumbo, mapaja na makalio yote kwa pamoja, kama unayezuia mlango usisukumwe. Shikilia hapo sekunde 10 hadi 15 mpaka usikie uso unapata joto. Joto hilo ndilo unalolitafuta, ni dalili kuwa damu inarudi juu. Kisha achia, lakini usilegee kabisa, rudi tu katika hali ya kawaida, ukae sekunde 20 hadi 30. Rudia mara tano. Fanya hivyo kila siku kwa wiki moja au mbili kabla ya kwenda popote, mpaka mwili uizoee na usihitaji kufikiri. Siku yenyewe, mkono wenye sindano uache umelala kimya. Kazi yote ifanywe na miguu, makalio na tumbo. Mtu wa kiti cha pili hatajua unafanya nini.

Umesema ulichokimbia pale mlangoni ni harufu. Basi anza na hiyo. Mimina spiriti kidogo kwenye pamba, kaa kwenye kochi lako mwenyewe, inuse huku ukikaza misuli. Mara ya kwanza masikio yanaweza kuvuma. Kaza, subiri yanyamaze, nusa tena. Ukifika mahali unainusa huku unasahihisha madaftari, harufu imekwisha nguvu. Fanya hivyo hivyo na picha ya mfuko wa damu, kisha picha ya sindano mkononi mwa mtu. Usiruke ngazi.

Hofu ya pili ni wale watu watatu. Hapo misuli haisaidii, kwa sababu ulichokiogopa siku ile kilikuwa kufanyiwa kitu bila kuulizwa. Sindano ilikuwa sehemu ndogo tu ya jambo lenyewe. Dawa yake ni kuwa na amri, na kwa bahati nzuri mchangia damu ana amri kuliko mgonjwa yeyote niliyewahi kumhudumia. Hakuna anayekushika. Unaulizwa, unakubali, unaketi kwa hiari yako. Ukisema “subiri”, tunasubiri. Ukisema “toa” wakati sindano iko ndani na mfuko haujafika nusu, inatolewa, unawekewa pamba, unaondoka. Hutadaiwa maelezo. Mtu akijua kwa hakika kuwa mlango uko wazi, mara nyingi anaona hana haja ya kuutumia.

Kwa hiyo safari ya kwanza usiende kuchangia. Nenda kituoni ukaangalie. Omba kuonyeshwa vitanda, tazama watu wakiingia na kutoka, uliza unachotaka, rudi nyumbani. Wahudumu wa damu tumezoea wageni wa aina hiyo na wengi wetu tunawapenda, maana mtu akija mara mbili kabla ya kuchangia, huyo huwa anarudi.

Safari ya pili nenda ukafanye yale ya mwanzo tu: kujaza fomu, kupima uzito, kupimwa presha na wingi wa damu. Uzito vituo vingi vinataka angalau kilo 50. Wingi wa damu utapimwa kwa tone la kwenye kidole. Nakuonya kwamba wachangiaji wengi wanasema kidole kinauma kuliko mkono, nami nawaamini, ncha ya kidole ina mishipa mingi ya fahamu. Lakini pana kitu kizuri cha kutazama hapo kama kituo bado kinatumia njia ya zamani. Tone lako linadondoshwa kwenye kichupa cha maji ya buluu, ambayo ni mruturutu ulioyeyushwa kwa kipimo maalumu. Damu yenye chembe nyekundu za kutosha ni nzito kuliko maji hayo, inazama. Damu hafifu inaelea au inasita katikati. Nimeona watu waliokuja wanatetemeka wakasahau kabisa kidole chao, wameinama kukodolea tone jekundu likishuka taratibu kwenye buluu, wanashangilia kama kuna bao limefungwa.

Siku ya tatu ndiyo siku yako. Lala vya kutosha usiku wake, kula kabla ya kutoka, na ndani ya nusu saa kabla ya kuchomwa kunywa maji nusu lita. Maji hayo si adabu ya mapokezi. Yanasaidia presha isishuke, na imeonekana kuwa yanapunguza watu kuzimia. Vaa nguo ambayo mkono wake unapanda bila kubana.

Ukifika, mtu wa kwanza unayemkuta mezani mwambie hivi: “Naogopa sindano, na huwa nakaribia kuzimia.” Sema hivyo hivyo, bila kucheka na bila kuomba radhi. Sentensi hiyo inabadilisha mambo mengi. Utalazwa badala ya kuketishwa. Utapewa mtu mwenye mkono mzoefu. Trei itawekwa mahali usipoiona. Utaulizwa mkono upi unaupenda, na kama unataka kuambiwa “sasa” au uchomwe bila taarifa. Chagua kabla hujafika. Kwa mtu aliyewahi kushikiliwa kwa nguvu, mimi ningeshauri uambiwe, na wewe ndiye useme “haya.” Wanaozimia kimya kimya ndio wanaotupa kazi, kwa sababu tunawagundua wakiwa wameshageuka rangi.

Nikueleze tutakachofanya, ili pasiwe na cha kukushtua. Nitafunga mpira juu ya kiwiko, nitakuomba ukunje ngumi. Nitapapasa kwa kidole. Mshipa mzuri mara nyingi hauonekani kwa macho, unasikika chini ya kidole, unanesa. Nitasafisha ngozi na kuiacha ikauke. Ukiona nasubiri sijachelewa, dawa ikiwa mbichi huchoma ndani ya tundu na kuongeza maumivu ya bure. Nitavuta ngozi kidogo kwa kidole gumba ili isikunjane, na hapo ndipo pale sekunde moja au mbili. Wewe tazama ukutani. Kaza mapaja. Nikishaifunga kwa plasta hakuna kingine kitakachoingia. Damu ya mwanzo kidogo inakwenda kwenye vichupa vya vipimo, inayobaki inaingia mfukoni, na chini yako kuna kimashine kinachoutikisa mfuko polepole ili damu ichanganyike na dawa ya kuzuia isigande.

Kitu kimoja ambacho watu hawakiambiwi: ule mpira unaobeba damu huwa wa moto. Ukigusa mkono wako utausikia, joto la mwili wako mwenyewe likipita nje ya ngozi. Kuna wanaolipenda, na kuna ambao hilo peke yake linawazimisha. Omba uwekewe kitambaa katikati.

Tunachukua mililita 450 hivi. Mtu mzima ana karibu lita 5. Maji yake mwili unayarudisha ndani ya siku moja au mbili, chembe nyekundu zinachukua wiki kadhaa, na ndiyo sababu hutaruhusiwa kurudi kabla ya miezi mitatu au minne.

Kuhusu presha uliyowadanganya ndugu zako, sikusuti. Ila kwenye fomu usidanganye hata neno, wala kwa aibu wala kwa kujionyesha jasiri. Maswali yale yanamlinda atakayewekewa damu, na mengine yanakulinda wewe.

Umesema unataka kwenda kabla halijatokea jingine. Hapo umewaza vizuri kuliko wengi. Damu iliyomwokoa mdogo wako haikutolewa usiku ule. Ilikuwa tayari kwenye jokofu, imeshapimwa kundi na magonjwa. Chembe nyekundu zinatunzwa siku 35 hadi 42 kutegemea dawa iliyomo mfukoni, chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, kwa kawaida siku 5 tu, kwa hiyo rafu hazijai zikabaki zimejaa. Na kwa mwoga, siku mbaya kuliko zote ya kujaribu mara ya kwanza ni siku ambayo ndugu yuko chumba cha upasuaji na ukoo mzima unakutazama.

Halafu usisubiri hofu iishe ndipo uende. Huko Australia kulikuwa na mzee anaitwa James Harrison. Akiwa na miaka 14 alifanyiwa upasuaji mkubwa wa kifua akaongezewa damu nyingi ya watu asiowajua, akaahidi kuchangia akifikisha umri. Alianza mwaka 1954 akiwa na miaka 18, akaendelea mpaka 2018 alipozuiwa na umri: mara 1,173, nyingi zikiwa za plazma, yaani maji ya damu, ambayo hutolewa mara kwa mara kuliko damu nzima. Plazma yake ilikuwa na kinga adimu inayotumika kutengenezea sindano wanayopewa akina mama wenye kundi la damu hasi (Rh hasi) ili miili yao isiwashambulie watoto wao tumboni, na Australia wanakadiria imewafaa watoto zaidi ya milioni 2.4. Alifariki Februari 2025, akiwa na miaka 88. Mtu huyo aliichukia sindano maisha yake yote. Mara zote hizo hakuwahi kuitazama ikiingia. Kwa hiyo hata ukuta tu unatosha, Mwalimu.

Na ukifika siku hiyo ukageuza tena mlangoni, niandikie, tutaanza ngazi ya chini yake. Kituo hakihami.

SWALI: Habari yako dada. Mimi ni kijana wa kilo 94, nabeba vyuma, wenzangu wananiita Baunsa. Tulikwenda kuchangia damu kikundi kizima. Sindano haikunisumbua, nilikuwa nataniana na kila mtu. Nilipomaliza nikaambiwa nikae kidogo, nikasema mimi mzima. Nikaamka, nikatembea mpaka karibu na mlango wa kutokea, nikashtukia niko sakafuni watu wananipepea. Wanasema mikono ilitikisika kidogo. Tangu hapo ni kicheko, na sasa sindano ambayo sikuwa naiogopa naiogopa. Je, nina kifafa? Niache?
Baunsa Aliyeanguka

JIBU: Salama, mdogo wangu. Huna sababu ya kudhani ni kifafa kwa hilo peke yake. Ubongo ukikosa damu kwa sekunde chache, viungo vinaweza kutikisika kidogo, kisha mtu anaamka na kujitambua upesi. Lakini kama ulijing'ata ulimi, ulijikojolea, au ulikaa muda mrefu hujielewi, au hali hiyo imewahi kukupata siku nyingine bila kutolewa damu, muone daktari kabla ya lolote.

Kilichokuangusha hukukiona kwa sababu hukukihofia. Umepungukiwa mililita 450, ukasimama ghafla, damu ikashuka kwenye miguu yako mikubwa, na presha ikachelewa kujirekebisha. Kuzimia kwa namna hii hutokea mara nyingi baada ya mtu kuondoka kitini, tena mahali pabaya: mlangoni, chooni, ngazini. Ni kweli wanaozimia zaidi ni vijana, wenye uzito mdogo na wanaochangia mara ya kwanza. Wewe uzito unao, ila nakisia mengine mawili unayo pia. Zile dakika 10 au 15 za kukaa hazikuwekwa kwa ajili ya wazee. Nimewaona wanaume wenye vifua kama vyako wakikataa kiti, na kusema kweli hao ndio ninaowafuata kwa macho mpaka nje, kwa sababu akianguka mmoja wao hakuna muuguzi anayeweza kumdaka.

Usiache. Ukirudi, kunywa maji nusu lita kabla, waambie kuwa uliwahi kuanguka, fanya ile mbinu ya kukaza misuli niliyomweleza Mwalimu. Ukimaliza baki umelala, kisha keti miguu ikining'inia, kisha simama. Ukisikia kizunguzungu usijikaze kutembea kufikia kiti cha mbali. Keti palepale chini, au lala uinue miguu. Sakafu si aibu ukiifuata mwenyewe. Siku hiyo usibebe vyuma, usipande juu ya ngazi au paa, na kama unaendesha gari la abiria chagua siku yako ya mapumziko.

Wanaokucheka, waulize wangapi kati yao wamerudi mara ya pili.

SWALI: Bi Muuguzi, krimu ya ganzi inaruhusiwa? Nimesikia inapakwa kabla ya sindano.
Mpenda Njia Fupi

JIBU: Ipo, na inapunguza maumivu ya ngozi. Lakini inatakiwa ipakwe mapema, aina nyingi zinataka kama saa nzima, na mahali penyewe pa kuchomwa hujui mpaka mhudumu apapase mshipa. Piga simu kituoni uulize kwanza kama wanaikubali, usijipakie tu ukaenda. Na kama shida yako ni kuzimia, krimu haitakusaidia chochote. Ganzi haizuii presha kushuka.

SWALI: Mimi nawaambia watu naogopa sindano, lakini nikuambie wewe ukweli, naogopa majibu. Najua damu inapimwa. Sitaki kuitwa na kuambiwa kitu. Nifanye nini?
Msema Kweli

JIBU: Wewe umenifurahisha, maana wenzako wako wengi na hawasemi. Nimewahi kumpoza mtu kwa nusu saa kuhusu sindano, kumbe sindano haikuwa na kosa.

Kila mfuko wa damu hupimwa angalau virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende. Ni kweli ukikutwa na kitu kuna utaratibu wa kukufahamisha, kwa faragha. Kwa hiyo kama una wasiwasi, usije kuchangia damu ili upate kupimwa. Nasema hivi kwa msisitizo na sina mzaha: maambukizi mapya huchukua muda kabla ya kuonekana kwenye vipimo, na katika muda huo damu inaweza kupita kumbe ina ugonjwa. Nenda kapime kwanza mahali pa kupimia, kwa ajili yako mwenyewe, ukiwa na mtu wa kukushauri. Mengi ya hayo siku hizi yanapimwa kwa tone la kidole na majibu hutoka siku hiyo hiyo. Yakiwa mazuri na wasiwasi umekwisha, karibu. Yakiwa mengine, dawa zipo, kuanza mapema kunasaidia sana, na bado utakuwa umejua kabla ya mtu mwingine yeyote.

Na kama umekaa kwenye kiti cha mchangiaji, umeshajibu maswali, halafu ukakumbuka jambo ambalo hukulisema, mwambie mhudumu kwa sauti ya chini: “Damu yangu msiitumie.” Hata kama umeshafika nyumbani, piga simu useme hivyo. Hutalaumiwa.

SWALI: Mama mkwe ananiambia nikianza kuchangia damu nitalazimika kuchangia maisha yangu yote, vinginevyo damu itazidi mwilini na kunidhuru. Mimi sindano moja naweza kujikaza, lakini za maisha siwezi. Ni kweli?
Mke wa Mtu

JIBU: Si kweli, na umwambie kwa heshima. Mwili ukipungukiwa damu, figo hutoa kichocheo kinachoiamuru mifupa itengeneze chembe nyekundu zaidi. Idadi ikirudi pale ilipokuwa, amri inapungua na kazi inarudi mwendo wake wa kawaida. Haizidishi kwa kukutegemea utarudi.

Kwa hiyo changia mara moja. Ukitaka kuishia hapo, ishia.